Mzee wako asiguse hizo dawa

Hapana. Mzee wako asipunguze hata kidonge kimoja cha dawa za kushusha kinga ya mwili.

Umeuliza habari za figo za nguruwe kule Marekani: zikishawekwa kwa binadamu zinaendelea kukua? Ni halali kwa Mwislamu? Zitafika kwetu lini, na bei gani? La kukua nitaligusa hapa chini, hayo mengine yasubiri. Mimi nimekwama kwenye sentensi uliyoipitisha juujuu, kwamba mzee ana figo ya mdogo wake mwaka wa tatu sasa, kreatinini (kipimo cha damu; ikipanda, figo inashindwa) iko vizuri, "mwili umeshaizoea", kwa hiyo anataka kuacha dozi ya usiku.

Mwili haujaizoea! Kreatinini iko vizuri kwa sababu anameza dawa.

Mimi nilipandikizwa India mwaka 2015, figo ya dada yangu wa tumbo moja. Miaka mitatu niliishi kwa saa: mbili asubuhi, mbili usiku. Takrolimasi, maikofenolati, predinisoloni, zote za kushusha kinga ili mwili usiikatae figo. Mikono ilitetemeka hadi chai ikimwagika kwenye kisahani, sukari ikapanda, na hela ya dawa kwa mwezi ilizidi kodi ya nyumba. Hapo ndipo nilipokutanishwa na muuza virutubisho mmoja, koti jeupe, kalamu mfukoni. Akashika karatasi yangu ya maabara, akatabasamu. "Kreatinini 104. Kaka, wewe umepona. Figo ya dada ni damu yako, mwili utaikataaje? Hizo dawa ndizo zinazokumaliza." Akaniuzia chupa tatu za unga wa kijani. Mlonge mtupu, na mlonge kwetu umeota nyuma ya choo, unachumwa bure.

Nikaanza kuruka dozi ya usiku. Wiki sita, kimya. Mikono ikatulia, nikamwonesha mke wangu kikombe kilichojaa hadi ukingoni, hakidondoshi tone. Ukimya huo ndio uliotudanganya, maana kinga ya mwili ikianza kuishambulia figo huwa hupigi kelele za maumivu. Wiki ya tisa, jioni navua soksi, naona mfereji umechimbika juu ya kifundo. Nikabonyeza kwa dole gumba, shimo likabaki. Mkojo una povu kama maji ya kufulia. Kreatinini 390. Wakachukua kinyama cha figo kwa sindano, wakanipiga steroidi za mshipani siku tatu, kreatinini ikashuka kidogo, ikapanda tena. Baada ya miezi saba nikarudi kwenye mashine ya kusafisha damu (dayalisisi), mara tatu kwa wiki, saa nne kila kikao.

Dada alipopiga simu aliuliza kitu kimoja tu: "Bado iko tumboni?" Nikamwambia iko, hawakuitoa. Akasema haya, akakata.

Yule mtu bado anauza. Nimeshaona matangazo yake. Anaweza kumwambia mgonjwa lolote, maana uongo wake haulipi yeye, wanaulipa watu wawili: mwenye figo na aliyeitoa.

Kila chembe ya figo ile imebeba alama za mwenyewe, na chembe nyeupe zetu za damu zinazitambua kuwa ni za mgeni leo, mwakani na baada ya miaka kumi. Takrolimasi huzizuia zisipeane ishara ya kushambulia, basi. Undugu hupunguza tofauti, hauzifuti. Upandikizaji wa figo wa kwanza kufanikiwa kweli, Boston 1954, ulikuwa kati ya mapacha wa kufanana, ambao alama zao ni zilezile.

Na hao nguruwe wako ndio ushahidi wangu. Towana Looney, mama wa Alabama, aliwekewa figo ya nguruwe New York tarehe 25 Novemba 2024. Nguruwe mwenyewe alibadilishwa jeni kumi. Figo ikafanya kazi siku 130, muda mrefu kuliko mtu yeyote kabla yake. Akapata maambukizi mengine, madaktari wakalazimika kupunguza dawa za kushusha kinga, mwili ukaikataa figo. Aprili 2025 ikatolewa, akarudi dayalisisi. Huyo alikuwa mikononi mwa mabingwa, wanampima kila mara. Mzee wako anataka kupunguza mwenyewe, sebuleni?

Kukua: ndiyo, ni tatizo la kweli. Ujerumani, mioyo ya nguruwe iliyowekwa kwa nyani ilizidi ukubwa. Walipowashusha shinikizo la damu na kuwapa dawa ya kuzuia ukuaji, nyani wawili wakapita siku 180. Nguruwe wa figo ya Looney alizimwa kabisa jeni ya kupokea homoni ya ukuaji.

Kuna wanaojaribu kuufundisha mwili uizoee kweli. Boston walitoa ripoti mwaka 2008: wagonjwa watano walipewa figo pamoja na uboho wa mtoaji yuleyule, wanne wakaweza kuacha dawa. Waliandaliwa kwa matibabu mazito kabla hata ya upasuaji. Hakuna aliyefika pale kwa kuruka dozi ya usiku.

Dozi yake ni saa mbili. Mpigie sasa hivi. Kama ameshaanza kuruka, amwambie daktari wake leo leo, ataje na tarehe, na kesho apimwe kreatinini na kiwango cha takrolimasi kabla hajameza ya asubuhi. Akikukatalia, nitumie ujumbe pembeni, nitaongea naye mimi.