Bomba likipasuka Mji Mkongwe, usisahau tangi

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina maji ya njia mbili: ya ZAWA, yaani Mamlaka ya Maji Zanzibar, yanayokuja kwa mgao, na ya tangi la juu. Bomba likipasuka, mtu hukimbilia koki ya mlangoni karibu na mita, akaifunga, kisha akashangaa maji bado yanafoka. Hayo ni ya tangi. Lita elfu moja zinateremka kwa uzito wake na koki ya chini haizihusu. Panda ufunge ya juu, uzime na pampu, maana zile zinazojiwasha zenyewe presha ikishuka ndiyo huzidi kusukuma. Halafu fungua mfereji wa uwani, bomba lijimwage. Maji yakiwa yamefika karibu na plagi, basi umeme wote uzimwe mwanzo, na meni suichi usiiguse miguu yako ikiwa majini.

Kwangu lilipasuka ghorofani, usiku, mgao uliporudi. Bomba la chuma la zamani, kutu imelila kwa ndani. Aliyegundua ni bibi wa chini. Aligonga mlango akasema, "Mwanangu, ukuta wangu unatoka jasho."

Usiku ule nilikata tyubu ya baiskeli, utepe wa vidole viwili. Anza kuuzungusha mbali kidogo na ufa, uuvute hasa, kila mzunguko ulalie nusu ya uliotangulia, kisha funga kwa waya. Ni wa kuvukia usiku tu.

Asubuhi fundi bomba alikata kipande kilichooza ili aweke PPR, yale mabomba ya kuchomea kwa mashine. Lakini koki kuukuu hazifungi sawasawa, tone halikosi, na PPR haishiki penye maji. Fundi akaomba boflo, yaani mkate. Nikadhani hajanywa chai. Akachomoa nyama ya ndani, akaifinyanga kitonge, akakisukuma ndani ya bomba, tone likakatika, akachomea. Maji yalipofunguliwa, kitonge kikalainika kikatokea mferejini. Nyama tu, jamani, ganda halilainiki upesi.

Wengi hapo huona kazi imekwisha, na fundi wa haraka atakwambia mpige lipu ya saruji wiki hiyohiyo. Mkatalie. Kuta zetu ni za mawe na chokaa. Hufyonza maji na kuyatoa polepole. Ukizifunika kwa saruji zingali mbichi, unyevu unakosa pa kutokea, unapanda juu pamoja na chumvi, na rangi inabanduka kila mwaka. Bandua lipu iliyorowa, acha madirisha wazi, vumilia miezi. Ukibahatika kupata upepo wa kaskazi, ukuta utakauka mapema zaidi. Kisha rudishia chokaa.

Kinachonitia hofu zaidi ni boriti, kwa sababu ncha zake zimelala ndani ya ukuta huohuo. Zichokoe kwa bisibisi. Ikizama bila ubishi, boriti imeoza, na kuibadilisha si kazi ya kufanya kimyakimya: pita kwanza Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Lipu ya jirani wa chini pia ni juu yako. Fundi wa chokaa mpatane kwa nyumba zote mbili pamoja. Mchanga na chokaa vinaletwa safari moja, na bei inazungumzika.