Jibu: Kigaga cha goti kinawasha, kila jioni najikuta nimekibandua

Pole mkuu. Umesema uliteleza na baiskeli goti likachubuka, na sasa ni wiki ya tatu kila jioni unakibandua kigaga mpaka damu inatoka upya. Wengi hapo juu wamekujibu "acha tu". Hilo la "acha tu" mke wangu aliniimbia mwezi mzima na sikuacha, kwa hiyo nikupe yaliyonikuta.

Mwaka juzi nilianguka na bodaboda kwenye kokoto, huku Mbezi. Nilitoka na michubuko miwili ya juu juu, kiwiko na goti. Kiwiko kilipona ndani ya wiki mbili. Goti lilinisumbua karibu miezi miwili. Nilidhani goti ndilo lililoumia zaidi, kumbe tofauti ilikuwa nguo. Kazini navaa shati la mikono mirefu, jioni nyumbani nakaa na kaptula. Kiwiko nilikisahau, goti liko machoni muda wote.

Na utamu wake unaujua. Kigaga huanza kuachia pembeni kama ukoko wa wali kwenye sufuria, ukishapenyeza ukucha pale huondoki bila kumalizia. Shida ni kwamba katikati bado kimeshika. Ngozi mpya inatambaa chini yake kutoka kingoni kwenda kati, ukikivuta unaing'oa nayo.

Kule kuwasha kwenyewe si dalili mbaya. Kidonda kikiwa kinapona, mwili hutoa histamini, ile ile inayokuwasha ukiumwa na mbu, halafu kigaga kikikauka kinavuta ngozi ya pembeni. Mimi ukavu niliuongeza mwenyewe: nilifungua vidonge vya rangi mbili, vile vya antibiotiki, nikamwagia unga wake, kama tulivyofanyiwa utotoni. Kigaga kikawa kama gamba la kobe, kinawasha mara mbili. Usifanye hivyo, vile ni vya kumeza, tena kwa kuandikiwa. Hata ile "kiache wazi kipate hewa" imepitwa na wakati. Mwaka 1962 mtafiti George Winter wa Uingereza alionyesha, kwa vidonda vya nguruwe, kwamba kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi haraka kuliko kilichoachwa kikauke. Miaka yote hiyo, na mtaani bado tunaanika vidonda kama dagaa.

Kilichonigeuza ni nesi wa zahanati. Hakunigombeza, aliniuliza tu, "Huwa unakibandua saa ngapi?" Nikakosa jibu. Nikaanza kujichunguza, nikakuta ni wakati wa mpira, hasa timu yangu ikiwa inalinda bao moja, na usiku nikiwaza kodi ya nyumba. Mara nyingi hata sikuwa nawashwa. Mkono ulikuwa unajitafutia kazi.

Basi nikaupa kazi. Mpira ukianza nanunua karanga za maganda, namenya mpaka filimbi ya mwisho. Kucha nikazikata fupi kabisa. Goti nilikuwa naliosha kwa maji safi na sabuni mara moja kwa siku, napaka mafuta ya mgando kidogo, nafunika kwa gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, na plasta. Likiwasha nabonyeza kwa kiganja juu ya gozi, sikuni.

Ila likivimba, likawa la moto, likatoa usaha au ukapata homa, nenda hospitali, usisubiri. Mwenye kisukari asisubiri hata hayo. Na kama hukumbuki mara ya mwisho ulichomwa lini sindano ya pepopunda, waulize hukohuko. Kwenu mkiwa na watu wa keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua, wewe ndiyo kabisa usikitoneshe. Na kama unajichuna hata ngozi nzima isiyo na kidonda, na huwezi kuacha, jua huo ni ugonjwa unaotambulika na una tiba. Muone daktari bila aibu.

Changu kilitoka chenyewe asubuhi moja nikibadilisha gozi. Nilikikuta kimebaki kwenye kitambaa, laini kama ukoko uliolowekwa usiku kucha. Nakiri nilikitazama kwa majuto kidogo, maana nilikuwa nimekisubiri kwa hamu nikimalizie mwenyewe.