Majina Saba Madhabahuni: Ushauri kwa Mnaotaka Kanisa Lenu Liwakumbuke Mashujaa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumapili iliyofuata Julai 25, Siku ya Mashujaa, majina saba yalisomwa madhabahuni katika kanisa letu hapa Tabora. La nne lilikuwa la baba yangu. Siku hiyo nimeingoja tangu 2006, na sitajifanya kwamba sikujivuna. Nilivaa kitenge kipya, nikakaa benchi la mbele, nikanyoosha shingo.

Jioni niliweka picha kwenye status, familia zikiwa zimeketi pamoja. Tangu hapo simu haijatulia. Karibu kila ujumbe unauliza jambo moja: mlifanyaje hadi wakakubali? Najua kwa nini mnauliza. Na wewe una jina unalolibeba moyoni, na ungependa ulisikie likitajwa nyumbani mwa Bwana kabla hujafumba macho. Basi nitawaeleza tulivyofanya, ila lazima nianze na baba.

Baba alikuwa fundi kwenye karakana ya reli, na alikuwa mgambo. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, mimi nilikuwa na miaka minne. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa, akasema maneno ambayo kila mtu wa umri wangu anayajua kwa moyo: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Mama alinisimulia kwamba jirani aliiweka redio dirishani, watu wakajaa uani. Hotuba ilipokwisha wengine walishangilia. Baba alirudi nyumbani kimya, akachukua tupa, akaanza kunoa jembe. Mama alipomuuliza, akasema shamba lisije likamkuta mwanamke na jembe butu.

Wiki chache baadaye alipanda treni ya Mwanza. Mama alimfungia karanga za kukaanga kwenye kitambaa.

Barua ilikuja moja tu. Ninayo. Ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari, umeandikwa kwa penseli, na mistari inapanda na kushuka, nadhani aliandikia pajani. Anauliza kama mahindi yamepaliliwa. Anauliza kama paa la jikoni bado linavuja. Anauliza kama kikohozi changu kimepona. Vita hakuitaja hata kwa neno moja. Chini kabisa, baada ya jina lake, ameandika: Zaburi 121. Namba tu, kwa sababu alijua mama ataifungua mwenyewe. "Nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi?" Mama aliihifadhi barua hiyo ndani ya kitabu chake cha nyimbo, na kila alipokifungua kanisani ilichungulia. Penseli imefifia sana sasa. Neno "kikohozi" nalisoma kwa sababu najua lipo.

Aprili 11, 1979, Kampala ikaanguka. Habari zilipofika hapa mjini watu walitoka nje, ngoma zikapigwa, akina mama wakapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Mama yangu alikuwamo. Alinibeba mgongoni, akacheza. Alijua mumewe anarudi.

Taarifa ilikuja baadaye. Baba alikuwa amekufa mwezi Machi, upande wa Lukaya, njia ya kwenda Kampala, mahali ambapo majeshi yetu yalikutana na ya Amin pamoja na Walibya waliokuja kumsaidia. Brigedi ya 201 iliyotangulia pale ilijaa mgambo, watu waliokuwa mafundi na wakulima miezi michache tu kabla. Kwa hiyo mama alipokuwa akicheza barabarani alikuwa tayari mjane, na hakujua. Hilo lilimuumiza kuliko kifo chenyewe. Hakuwahi tena kucheza, hata harusini kwangu. Aliketi akapiga makofi.

Miaka ya katikati naipita. Tulikua, tukasoma, nikaolewa, nikakaa Kigoma kwa muda kisha nikarudi Tabora.

Mwaka 2006 nilikwenda mbele ya wazee wa kanisa tulilokuwa tukisali wakati huo, nikaomba dakika mbili. Dakika mbili tu, Jumapili iliyo karibu na Julai 25, nisome majina ya washirika waliopoteza maisha vitani. Walisikiliza kwa adabu. Kisha mmoja akasema, "Dada, kanisa si uwanja wa gwaride." Wengine wakatikisa vichwa, nikaambiwa nifunge mlango nikitoka. Mama alikuwa ananisubiri nje chini ya mwembe, na dirisha lilikuwa wazi. Alisikia kila kitu. Hakusema kitu juu ya wazee. Alisema, "Basi mwanangu, twende tukapike."

Alilala katika Bwana mwaka 2014 bila kulisikia jina la mumewe likitajwa kanisani. Aliyesema maneno yale nimemsamehe na nimemwombea. Lakini niseme kweli mbele za Mungu: kila ifikapo Julai sauti ile nasikia tena, na mlango ule naufunga tena.

Sasa sikia kosa langu, maana lipo, na ndilo ninalotaka usilirudie. Kati ya 2006 na 2014, miaka minane, sikuwahi hata siku moja kuketi na mama na daftari, nikaandika anachokijua. Sijui baba aliimba sauti gani kwaya. Sijui alipanda treni na nani. Sijui nani alileta ile taarifa, na mama alikuwa ameshika nini mkononi. Nilikuwa na hasira na wazee, na hasira ilinishughulisha. Nilidai kanisa limkumbuke baba yangu, huku aliyemkumbuka kuliko watu wote akichambua mchele hatua tano kutoka nilipokaa. Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni huu: anza na aliye hai. Nenda leo, usingoje Julai. Kama mama yake yupo, kama mjane wake yupo, kaa naye, muulize, andika.

Wa pili ni kama huo: andika majina. Mwaka huu sikwenda kwa mchungaji wetu wa sasa na malalamiko. Nilikwenda na daftari. Miezi mitatu nilizunguka na binti yangu kwa washirika wenzetu, Ng'ambo, Isevya, Kiloleni, Chemchem, nikiuliza: katika ukoo wenu kuna aliyekwenda vitani asirudi? Mchungaji alipolifungua daftari akakuta majina saba, kila moja na ndugu zake, na wengine ni watu anaowapa mkono kila Jumapili mlangoni. Hakuuliza kuhusu gwaride. Aliuliza, "Tusome kwa mpangilio gani?" Tukakubaliana kwenda kwa miaka.

Majina yenyewe siyaandiki hapa, familia hazijaniruhusu kuyaweka mtandaoni. Wa kwanza alikuwa mpagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Wajukuu wa wajukuu zake wana jina tu, kaburi hawalijui. Wanyamwezi tulijulikana kwa kubeba mizigo tangu enzi za misafara, na vita ilipokuja walibebeshwa tena, hadi Wabelgiji walipouteka mji huu wa Tabora Septemba 19, 1916, na hata baada ya hapo. Ukifika Dar es Salaam pale kwenye sanamu ya Askari ya mwaka 1927, soma maandishi yake: wapagazi wametajwa kuwa miguu na mikono ya jeshi. Na Kariakoo unayokwenda kununua vitambaa imepata jina lake kutoka kikosi cha wapagazi hao. Wa pili alikwenda Burma na KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, katika Vita Kuu ya Pili. Watu watatu wanaofuata ni wa vita ya Kagera, baba akiwa wa katikati yao. Mmoja alifia Msumbiji. Wa mwisho ni kijana, alikuwa mlinzi wa amani Kongo, ng'ambo ya ziwa hapo tu. Mama yake ana umri kama wangu.

Kuna aliyenijibu kwenye status kwamba Mkristo hana shughuli na vita. Ndugu yangu, nami vita naichukia, imenila baba. Hata vijana wa Uganda waliolala Lukaya walikuwa na mama zao, na katika maombi ya siku ile tuliwataja. Lakini fungua Luka 3:14. Askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakamuuliza, na sisi tufanye nini? Hakuwafukuza mtoni. Aliwaambia wasidhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, watoshewe na mishahara yao. Watu hao wana nafasi mbele za Mungu.

Jihadharini tu na jambo moja mtakapoandaa ibada. Msimfanye askari kuwa Mwokozi. Watu husoma Yohana 15:13, "Hakuna aliye na upendo mwingi kuliko huu, wa mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake," wakafunga kitabu kana kwamba imesemwa juu ya jeshi. Aliyeisema alikuwa akienda msalabani. Baba yangu hakufa kwa ajili ya dhambi zangu. Alikufa ili Amin asikae Kagera, na damu yake haimfungulii mtu mbingu. Uhuru wa mpaka ni mmoja, na uhuru wa Wagalatia 5:1 ni mwingine: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa." Sisi wa Tabora neno hilo kongwa tusilisome haraka. Ni ule mti wenye panda uliofungwa shingoni mwa watumwa waliopitishwa hapa kutoka Ujiji kwenda Bagamoyo. Kristo ndiye aliyeuvunja huo wa rohoni, na hakuna bunduki iliyomsaidia.

Lakini uhuru wa mpaka pia una gharama, na Biblia inatufundisha namna ya kuushika. Soma 2 Samweli 23. Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na Wafilisti wamekaa pale. Mashujaa watatu wakapenya, wakateka maji, wakamletea. Daudi alikataa kuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, akauliza kama hiyo si damu ya watu waliohatarisha nafsi zao. Wewe unalala usiku mlango umefungwa kwa komeo la mbao, unapanda basi kwenda Kigoma bila kumuogopa mtu, unaimba kanisani kwa sauti. Hayo ni maji ya Bethlehemu. Unayanywaje? Umewahi kumimina hata tone?

Na endelea kusoma sura hiyo mpaka mwisho. Kuna orodha ndefu ya majina, ile ambayo wasomaji huiruka. Aliyefunga orodha ni nani? "Uria, Mhiti, jumla yao watu thelathini na saba." Uria! Askari ambaye mfalme alimchukulia mke, kisha akamtuma vitani na barua ya kifo chake mkononi mwake mwenyewe. Mfalme angetamani jina hilo lipotee. Mungu akaliacha lisimame mahali ambapo kila asomaye ataishia juu yake, na Mathayo akalirudia katika ukoo wa Yesu. Basi mzee wa kanisa anayesema majina hayana kazi madhabahuni, na aniambie Roho Mtakatifu aliyaandika ya nini.

Narudia, maana bado mnaniuliza: majina. Si maua, si maturubai, si kumwalika mheshimiwa. Taifa linafanya sehemu yake, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, na ni vizuri. Sehemu ya kanisa ni jina na nyumba. Litaje jina, kisha nenda kwenye nyumba alikotoka, uone kama paa linavuja.

Siku yenyewe mchungaji alisoma polepole. Kila jina, familia ikasimama. Lilipofika la nne nilisimama na ndugu zangu, na mama mdogo, mdogo wake mama, aliyekuja kutoka Urambo kwa ajili hiyo. Ana miaka themanini na zaidi, na masikio yamechoka. Mchungaji alikuwa ameshafika la tano mama mdogo alipoinua fimbo yake juu, akasema kwa sauti ya watu wasiosikia, "Baba mchungaji, hilo la shemeji yangu sijalipata. Rudia."

Kanisa lote likanyamaza. Mchungaji akarudi nyuma kwenye karatasi, akalisoma tena.