Tumefundisha watu 600. Je, hiyo ndiyo athari?

Swali: Ninaongoza idara ya uendelevu katika kampuni ya kutengeneza bidhaa. Mwaka uliopita tuliwapa mafunzo ya biashara watu 600 wanaotuuzia malighafi. Nilipowasilisha taarifa, mjumbe mmoja wa bodi aliuliza: "Sawa, kimebadilika nini?" Nikakosa jibu. Mshauri wetu anasema tutafute cheti cha ISO 26000. Kitasaidia? Na mzigo huu ni wa idara yangu peke yake?

Jibu: Nianze na cheti ili tumalizane nacho. ISO 26000, iliyotolewa mwaka 2010 na ISO, shirika la kimataifa la viwango, ni mwongozo wa uwajibikaji kwa jamii, wala haikuandikwa kwa ajili ya kutolewa vyeti. ISO wenyewe wanasema hivyo. Usomeni, una mambo mazuri, lakini fedha ya cheti itunzeni.

Mjumbe wenu ameuliza swali lenyewe hasa. Watu 600 ni hesabu ya kazi mliyoifanya. Matokeo ni yale yaliyobadilika kwao, kama vile kipato kupanda au madeni kupungua. Athari ni ile sehemu ya mabadiliko ambayo bila ninyi isingekuwepo, na hapo ndipo taarifa nyingi huteleza. Tuseme baada ya mwaka mmoja, 300 kati ya hao 600 wameongeza kipato. Inapendeza. Lakini mkiwauliza wauzaji wanaofanana nao ambao hawakufundishwa, mkakuta asilimia 35 nao wameongeza kipato kwa sababu bei ya soko ilipanda, basi 210 kati ya wenu wangefika hapo hata bila darasa. Mafunzo yamewainua 90. Ipelekeeni bodi 90 hiyo bila kuona haya, maana inaweza kutetewa. Watu wa kulinganisha nao si vigumu kuwapata: walioandikishwa kwa awamu ijayo wanatosha, mradi muanze kurekodi vipato vyao sasa, kabla hawajaingia darasani.

Hata hivyo, mafunzo si mahali pa kwanza ambapo ningetazama. Niliwahi kufanya kazi katika kampuni iliyojivunia kuwainua wauzaji wadogo. Mama mmoja aliyekuwa akituuzia vifungashio alinifungulia daftari lake. Ukurasa wa kushoto aliandika ankara alizotuletea. Wa kulia, riba aliyomlipa mkopeshaji wakati akisubiri tumlipe. Tulikuwa tunalipa baada ya siku 90. Alipitisha kidole mstari kwa mstari, na karibu kila mahali riba ilikuwa imemeza faida. Mama huyo alikuwa amehitimu mafunzo yetu, na hesabu zake zilikuwa safi kabisa.

Ndiyo maana nasema kazi hii haiwezi kuwa ya idara yako peke yake. Idara ya manunuzi ikibana bei, ikibadilisha oda dakika za mwisho na kuchelewesha malipo, inagusa maisha ya watu wengi kuliko mradi wowote wa hisani. Jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh lilipoporomoka tarehe 24 Aprili 2013, watu zaidi ya 1,100 walikufa. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa humo ikafunga, lakini wafanyakazi wa viwanda vya nguo wakaamriwa kurudi kazini. Baadhi ya viwanda hivyo vilikuwa vimeshapitiwa na wakaguzi wa masuala ya kijamii. Ukaguzi ulikuwepo, na shinikizo la kukamilisha oda za wanunuzi kwa wakati nalo lilikuwepo.

Kwa kiongozi, basi, mkakati unaonekana kwenye kile anachomlipia bonasi mkuu wa manunuzi. Akipimwa kwa punguzo la bei tu, atatafuta punguzo la bei tu. Mwongezeeni vipimo viwili: siku za kulipa wauzaji wadogo, na kiasi cha oda zilizobadilishwa baada ya kuthibitishwa.

Kabla ya kikao kijacho, mwombe mkuu wa fedha akutolee orodha ya wale 600 na idadi ya siku ambazo kila mmoja alisubiri malipo yake ya mwisho. Data hiyo tayari ipo kwenye mfumo wenu wa uhasibu. Iweke mezani pamoja na ile 90, na umwalike mkuu wa manunuzi akae hapo wakati bodi inaisoma.