Kurasa za daftari la sanaa zinajikunja na kugandana: tatizo si bei ya rangi

Mleta mada, umesema umeanza daftari la sanaa nyumbani kwa daftari la shule, ukabandika vipande vya magazeti, ukapaka rangi ya maji juu yake, na sasa kurasa zimejikunja kama papa mkavu, nyingine zimegandana. Unauliza kama ni kwa sababu ya rangi za bei chee. Hapana mkuu, tatizo ni karatasi na maji uliyoinywesha.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Tanga, na niko kwenye daftari la tano tangu 2019. La kwanza lilikufa kama lako.

Karatasi ikinywa maji inatanuka, ikikauka inasinyaa. Ukipaka upande mmoja tu, upande huo unauvuta mwingine, ukurasa unakunjamana. Kwa hiyo paka pande zote mbili, hata kama nyuma ni maji ya gundi tu. Ukikauka kabisa, weka daftari chini ya kitu kizito usiku kucha. Mimi natumia kichwa cha cherehani mbovu.

Daftari la shule lenyewe ni jembamba mno. Gundisha kurasa mbili ziwe moja, au tafuta kaunta buku yenye jalada gumu iliyoshonwa kwa uzi. Humo punguza kurasa, kila baada ya mbili kata moja, la sivyo ukishabandika vitu daftari litaachama kama mamba. Ila usizing'oe! Karatasi iliyoshonwa inakwenda na pacha wake upande wa pili wa uzi, ukiing'oa moja na nyingine inalegea. Kata kwa wembe, uache ukingo wa sentimita 2.

Halafu msingi. Wenye duka la sanaa karibu wananunua geso, ile rangi nyeupe ya kutandika kwanza kabla ya kuchora. Sisi wengine tunachukua rangi nyeupe ya ukutani, ile ya maji, vijiko viwili, unga wa chaki uliosagwa ukachekechwa kijiko kimoja, na gundi nyeupe ya mbao nusu kijiko. Paka nyembamba, subiri ikauke, paka tena kwa kukatisha. Ukipitisha kidole unasikia mkwaruzo kidogo, na hapo penseli, mkaa na rangi vinashika vizuri.

Sasa gundi, maana hapa ndipo nilipolia. Mwanzoni nilitumia ya unga wa ngano, vijiko vitatu kwa kikombe cha maji, unakoroga kwanza kwa maji baridi kisha unapika mpaka iwe uji unaong'aa. Kwa karatasi inafanya kazi safi, na ni ya bure. Lakini ule ni ugali! Ikaja masika, nikaweka daftari kabatini, nikalifungua baada ya wiki tatu: ukungu wa kijani, na mende wameguguna pembe zote. Matone machache ya mafuta ya karafuu ndani ya uji yanasaidia kuzuia ukungu. Mende sikuwaweza, nikahamia gundi ya mbao. Kwa kitambaa hiyo ndiyo yenyewe, iongezee maji kidogo tu, upake kwenye ukurasa na si kwenye kitambaa, kisha ukandamize kutoka katikati kwenda pembeni.

Nikupe mfano wa ukurasa mmoja. Nilikuwa na khanga ya bibi iliyopauka, imechanika katikati ya mji. Kwenye jina palikuwa na "Sina siri nina jibu". Nikakata kipande kilichobaki na "nina jibu" tu, pamoja na pindo kidogo, nikabandika chini ya ukurasa. Juu nilikuwa nimeshapaka chai ya rangi iliyokolea, mara tatu, ikaacha mawingu ya kahawia. Manjano, ile bizari ya jikoni, nikapaka upande wa kulia, na sehemu moja nikadondoshea maji ya magadi: pale pale yakageuka mekundu kama tambuu. Manjano yanapauka haraka juani, lakini ndani ya daftari lililofungwa yangu bado yapo. Mwisho nikashona mstari mmoja kwa cherehani bila uzi, matundu matupu, kuanzia kwenye khanga hadi juu. Ukurasa huo sijauandika neno hata moja.

Kuna aliyekushauri utumie rangi ya mafuta kama wachoraji wa tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar mwaka 1968 alikuwa anachora juu ya ubao, si karatasi. Mafuta yakiingia kwenye karatasi tupu yanaacha duara la njano hadi ukurasa wa nyuma. Ukiitaka lazima, iwe juu ya msingi mkavu, na iwe ya mwisho. Rangi ya maji juu ya mafuta haishiki, inabanduka kama gamba.

Kugandana: rangi ya ukutani na ya akriliki hubaki na unato hata zikikauka, hasa kwa joto letu la pwani. Sugua ukurasa kwa mshumaa mweupe kidogo, kisha ufute kwa kitambaa, au weka katikati nailoni ile ya kufunikia madaftari ya shule. Zilizokwisha kugandana usizivute kwa hasira, pitisha uzi mwembamba taratibu katikati yake.

Na risiti ulizotaka kubandika kwa kumbukumbu: zile za mashine za EFD, mashine za risiti za kodi madukani, ni karatasi ya joto, yaani inaandikwa kwa joto bila wino, na maandishi yake yanafifia yenyewe. Niliwahi kuipigia moja pasi ili inyooke, ikawa nyeusi tii. Nakili tarehe kwa kalamu pembeni. Au fanya kama mimi siku hizi, chora juu yake kwa ncha ya kijiko cha moto, mstari unatoka mweusi bila wino.