Tangi la sentimita 60: nani akae na nani

Umeuliza kama tangi lako la kioo, sentimita 60 kwa 30 kwa 30, hapo kwako Mamboleo, Kisumu, linaweza kubeba samaki wa dhahabu wawili, samaki malaika wawili, neoni kumi (wale samaki wadogo wembamba), pleko mmoja wa kusafisha kioo, na wale fulu, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, ambao shemeji yako wa Dunga, kando ya ziwa, amekuahidi. Kwenye orodha hiyo mimi ningebakiza neoni tu. Waliobaki ni samaki wazuri, ila si wa tangi hilo, na wengine wao hawawezi kukaa pamoja hata ukinunua tangi la mita mbili.

Vipimo vyako vinatoa lita 54. Ukishatia mchanga na mawe, na kuacha nafasi juu, unabaki na kama 45. Maji machache hivyo huharibika upesi, na uharibifu wenyewe hauonekani kwa macho: ni amonia, sumu inayotoka kwenye matamvua, kinyesi na chakula kilichobaki. Maji yanaweza kung'aa kama ya chupa na bado yakaua.

Kwa kuchafua, samaki wa dhahabu hana mpinzani. Tena anapita sentimita 20 akikua, na anapenda maji ya baridi. Nilipokuwa Nakuru niliona wakinawiri kwenye bwawa la saruji nje ya nyumba, usiku wa baridi kali na wote wazima. Kuwaweka kwenye kisanduku kidogo sebuleni Kisumu, mchana joto likikaribia nyuzi 30, ni kuwatesa. Pleko naye dukani ana urefu wa kidole, lakini yule wa kawaida hupita sentimita 30. Na anaacha kinyesi kingi kuliko mwani anaokula, kwa hiyo hiyo kazi ya usafi mnayompa sijui nani alimwandikia.

Malaika wanauzwa wakiwa kama sarafu ya shilingi ishirini. Wakikomaa mwili unafika sentimita 15, na mapezi yanawafanya warefu zaidi kwenda juu kuliko kwenda mbele. Jirani yangu alikuwa nao pamoja na neoni, na kila asubuhi neoni walipungua. Akamshuku paka. Hao malaika na neoni wote asili yao ni mito ya Amazon, na huko pia samaki mwembamba anayeingia kinywani ni chakula.

Sasa fulu, maana najua ndio wanaokuvutia zaidi. Hata mimi nawapenda. Dume akivaa rangi zake, wekundu na manjano na buluu, hakuna samaki wa dukani anayemfikia. Lakini ni sikilidi, jamii ya samaki wagomvi. Dume hujitwalia eneo na kulilinda, na katika sentimita 60 eneo lake ni tangi zima. Gapi, yule samaki mdogo wa dukani mwenye mkia mpana wa rangi, atakatwa mkia; neoni atakimbizwa mpaka afe. Jike wa fulu hubeba mayai kinywani, hali kwa siku nyingi, na akisumbuliwa wakati huo huyatema au kuyameza. Wanahitaji tangi lao peke yao, refu, lenye mawe mengi na dume mmoja kwa majike kadhaa. Halafu samaki wa kuvuliwa ziwani huja na minyoo na vijidudu ambavyo samaki wa dukani hawajawahi kukutana navyo. Na kumbuka aina nyingi za fulu zilitoweka mbuta (sangara), samaki mkubwa mla wenzake aliyeletwa ziwani, alipoongezeka miaka ya 1980, kwa hiyo kwenye ndoo ya shemeji huenda kuna aina iliyobaki chache. Mwambie awaache. Vilevile samaki wa dukani wakikushinda, usiwamwage mto Kibos wala ziwani. Ziwa limeshaletewa wageni wa kutosha.

Kabla ya kuchagua, angalia maji yako. Ya bomba hapa Kisumu, yale yanayotoka ziwani, si magumu; sabuni inatoa povu kwa urahisi na sufuria ya chai haishiki ukoko mweupe. Hayo yanawafaa neoni na kori, wale samaki wadogo wenye sharubu wanaokaa chini ya tangi. Kama nyumba yenu inatumia kisima, pima kwanza, kwani visima hutofautiana hata mtaa mmoja. Nakuru nilikuwa natumia maji ya kisima, yale ya floraidi nyingi na alkali, na huko moli, samaki wa jamii ya gapi, ndio waliostawi. Klorini ya bomba huondoka ukiyaacha maji kwenye ndoo wazi siku nzima, pampu ya hewa ikipuliza.

Tangi lako mimi ningelipanga hivi: neoni wanane au kumi katikati, na kori wadogo sita chini. Wote ni samaki wa kundi. Ukinunua wawili wawili ili upate aina nyingi, wanajificha na kunyauka. Kori anachimbua kwa sharubu zake, hivyo mpe mchanga laini, si kokoto za kukwaruza. Mchanga wa ujenzi unafaa ukioshwa mpaka maji yatoke safi, ila kwanza udondoshee siki; ukitoa mapovu una chokaa na utayafanya maji kuwa magumu. Juu unaweza kuongeza gapi watatu wa kiume, na tangi limejaa.

Kwa nini wa kiume? Gapi, plati na moli huzaa watoto hai, takriban kila mwezi. Hata ukinunua majike matupu hujasalimika: jike hutunza mbegu za dume mwilini kwa miezi, na wa dukani karibu wote wameshapandwa. Ukichanganya, weka majike wawili au watatu kwa kila dume, la sivyo jike mmoja atasumbuliwa mpaka achoke, na ujue mapema utawapeleka wapi watoto.

Muuzaji akikupa beta wa kiume, yule samaki mpiganaji, usimchanganye na gapi. Mkia mpana wa rangi wa gapi humfanya beta adhani ni beta mwenzake, na vita huanza. Tiger barbi nao hukata mapezi ya wenzao, waache.

Usiwatie wote siku moja. Chujio jipya halina bakteria wa kuigeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti, ambayo nayo ni sumu, kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Huchukua wiki nne hadi sita kukaa sawa. Ukipata kipande cha sponji kutoka chujio la mtu ambaye tangi lake limeshakaa sawa, muda unapungua sana. Anza na kori, wiki mbili tatu baadaye ulete neoni, mwisho gapi. Na kwa vile stima inapotea, nunua pampu ndogo ya hewa ya betri, kwa sababu maji ya joto hushika oksijeni kidogo.

Hukusema kama unatumia bomba au kisima, wala kama tangi liko karibu na dirisha la jua la jioni. Tuambie hayo mawili kabla hujaenda dukani.