Mbeya uliyoiacha 2008 na utakayoikuta

Mkuu, umeuliza kama mtu aliyeondoka Mbeya 2008 akirudi leo kuishi atapotea. Mimi sijawahi kuhama mji huu, nimekulia mtaa wa Soweto na sasa naishi Ilomba. Nikujibu hivi: mjini hutapotea, ila ukishuka barabara kuu utahitaji mwenyeji.

Mjini ninaposema ni Uhindini, Sisimba, Sokomatola. Huko maduka ni yaleyale yenye baraza, na ukiinua macho Loleza yuko palepale. Kwa maoni yangu mjini pamezubaa. Pesa imehamia chini, na sababu ni huo mlima wenyewe. Mji umeuegemea kwa mgongo, kwa hiyo ulipokua haukuwa na pa kupanda, ukajinyoosha kufuata barabara ya Zambia. Uyole, Sae, Mafiati, Nzovwe, Iyunga hadi Mbalizi, siku hizi huoni mji unaishia wapi. Sensa ya 2012 ilikuta watu 385,279 jijini, ya 2022 ikakuta 541,603, na karibu wote hao wanagombania barabara ileile moja pamoja na malori ya Tunduma, mpakani. (Tunduma nayo si ya Mbeya tena, iko Mkoa wa Songwe tangu 2016. Makondakta wengine bado hawajakubali.)

Ndiyo maana kitu utakachokishangaa kuliko vyote ni ujenzi wa barabara hiyo kuwa ya njia nne, kilometa 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi. Fremu nyingi za maduka za pembeni zimekwenda. Kinyozi wangu amehama, mama niliyekuwa nanunua kwake maandazi amehama, na hata mimi wa hapahapa kuna siku nimepitiliza kituo kwa sababu duka nililolizoea kama alama halipo. Foleni ya Mafiati jioni siisemi, utaionja mwenyewe.

Ndege siku hizi zinatua uwanja wa ndege wa Songwe, tangu mwishoni mwa 2012. Ule uwanja wa katikati ya mji tunauita uwanja wa zamani, na bado tunauelekezea watu njia.

Mwanjelwa sasa. Wewe uliondoka soko likiwa limeungua tangu 2006 na watu wametawanyika. Limejengwa jengo la ghorofa, zuri tu kwa macho. Lakini biashara ya chakula haipendi ngazi, mkuu. Mtu mwenye gunia la viazi au mkungu wa ndizi anataka gari lisimame, ashushe, auze, aondoke. Kwa hiyo ukitaka ndizi za Tukuyu na parachichi kwa bei ya kueleweka, nenda soko la Soweto asubuhi kama zamani. Mchele wa Kyela bado unauzwa kwa harufu: anayeuza anakumiminia kiganjani, unanusa, mnaanza kubishana. Na angalia, siku hizi kila mchele unaitwa wa Kyela, kwa hiyo usiache kunusa.

Daladala za haisi zipo, ila safari fupi zimechukuliwa na bajaji. Kwenye mpira, uwanja wa Sokoine ni Sokoine. Timu ya Prisons umewaacha na utawakuta, lakini utakuta pia watu wana jezi za zambarau. Hao ni Mbeya City, walipanda ligi kuu 2013 na msimu wao wa kwanza wakamaliza nafasi ya tatu. Siku zile ungedhani sikukuu imeongezwa kwenye kalenda.

Baridi haijaguswa na mtu. Juni na Julai bodaboda wanavaa makoti mawili na glovu, na ukimwambia mtu wa Dar aje na sweta anacheka, halafu siku ya pili yuko kwenye mitumba anachagua. Wazee wangali wanaamkiana "ugonile" hata na mtu asiye Mnyakyusa, naye anaitikia.

Kuhusu nyumba ya kupanga: kama kazi yako ni mjini, usidanganyike na unafuu wa Uyole au Mbalizi. Utaulipa barabarani, angalau hadi njia nne zikamilike. Tafuta Forest au Block Q, na kabla hujatoa kodi muulize jirani, si dalali, maji yanatoka siku zipi.